Andalio la Mtoto Mmoja

Mwalimu wa shule ya msingi katika nchi yetu haruhusiwi kuingia darasani mikono mitupu. Anatakiwa awe na azimio la kazi la muhula, awe na andalio la somo la kipindi anachokwenda kufundisha, na akitoka ajaze shajara kueleza somo lilikwendaje. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila Jumatatu asubuhi meza yangu ilijaa madaftari ya maandalio yakingoja saini. Kipindi kimoja cha Hisabati cha dakika 40, mada ya sehemu, kina lengo kuu, malengo mahususi, zana, hatua za ufundishaji, mazoezi na tathmini. Mkaguzi (siku hizi anaitwa mthibiti ubora wa shule, lakini macho ni yaleyale) akimkuta mwalimu amesimama ubaoni bila karatasi hiyo, mwalimu atajieleza mpaka jasho limtoke.

Sasa namwomba mkaguzi huyohuyo anionyeshe andalio la mtoto kiziwi atakayekaa katika shule hiyohiyo miaka yake yote ya msingi. Anionyeshe ukurasa mmoja tu unaosema mtoto huyu anasikia nini na hasikii nini, anakaa dawati gani, nani anayemfundisha kusoma na kwa njia ipi, ilipofika Juni alikuwa ameweza nini, na mwakani nani atampokea. Nimetembelea shule nyingi, kabla na baada ya kustaafu. Ukurasa huo nimeuona mara chache mno, na mara zote uliandikwa na mwalimu mmoja mwenye huruma, katika daftari alilolinunua mwenyewe. Dakika 40 za sehemu zina mpango. Miaka yote ya mtoto haina. Hilo naliita aibu, na sitatafuta neno laini zaidi.

Nitaambiwa kwamba mipango ipo. Ni kweli ipo, tena mingi. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira za walemavu na nyingine ya matunzo yao. Mwaka 1994 mataifa mengi yalikutana Salamanca, Hispania, yakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo impokee mtoto mwenye ulemavu. Mwaka 2004 tulipata sera ya taifa ya watu wenye ulemavu, mwaka 2009 tukaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria Namba 9 ya Watu wenye Ulemavu, ambayo inamtaka mtoto huyo asome pamoja na wenzake na apewe msaada anaouhitaji ili aweze kusoma. Ikaja mikakati ya elimu jumuishi: wa kwanza wa 2009 hadi 2017, wa pili wa 2018 hadi 2021, na wa tatu ukaanza 2021/22. Sina ugomvi na karatasi hizo. Waliozipigania, wengi wao wakiwa wenyewe ni watu wenye ulemavu, walifanya kazi kubwa na nawavulia kofia.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaozipokea. Karatasi zote hizo, kwa kuwa ni za taifa, zinazungumza juu ya kundi: watoto wenye mahitaji maalumu. Lakini katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona kundi likibisha hodi ofisini. Hubisha hodi mama mmoja, kamshika mkono mtoto mmoja, na mtoto yule ana tatizo lake ambalo halifanani na la mwingine. Hapo ndipo mkakati wa taifa unapokoma na kazi ya mwalimu mkuu inapoanza. Na hapo ndipo, aghalabu, mwalimu mkuu humwandika mtoto jina, akaweka alama katika safu ya ulemavu kwenye fomu za takwimu, akamwambia mama, "Ahsante mama, mwache, atazoea." Takwimu zikifika wilayani zinapendeza. Zikifika mkoani zinapendeza zaidi. Mtoto amekwisha kuwa mafanikio yetu kabla hajafundishwa herufi "a".

Majina tumeyabadilisha, hilo sikatai. Nilipoanza kazi miaka ya 1970 tulisema vipofu, mabubu, vilema, taahira, bila haya, hata ndani ya barua za serikali. Leo tunasema wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wenye ulemavu wa akili, na ni vizuri, kwa maana jina baya humla mtu. Lakini nimeingia katika darasa ambalo mwalimu anajua majina yote mapya, na mtoto mwenye uoni hafifu bado amekaa nyuma kabisa, kwa sababu yeye ni mrefu na warefu hukaa nyuma. Jina lilihama, dawati halikuhama.

Tuanze basi na dawati, maana wapo wanaodhani nazungumzia mambo makubwa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi huwa na uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Mpango wake wa kwanza unaandikwa kwa mistari michache: akae mbele, dirisha liwe nyuma yake au ubavuni, asitazamane na jua, aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara, mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika, kofia yake isivuliwe kwa kisingizio cha sare, mchakamchaka na kazi za bustani apangiwe asubuhi mapema au kivulini. Ubao upakwe rangi, kwa sababu ubao uliochakaa na kuwa kijivu humnyima hata anayeona vizuri. Niambieni, katika hayo ni lipi linalongoja bajeti ya taifa?

Hata kumtambua mtoto asiyeuona ubao hakuhitaji safari ya hospitali ya mkoa. Kipimo cha macho cha herufi E husomwa kwa umbali wa mita 6. Inatosha kamba iliyopimwa, karatasi moja ukutani, na mwalimu aliyeonyeshwa mara moja namna ya kukitumia. Daktari anahitajika kutuambia kwa nini mtoto haoni na kama miwani itamfaa. Kwamba haoni, shule inaweza kulijua wiki ya kwanza ya Januari. Badala yake mtoto hunakili "6" mahali pa "8", akachapwa, akaambiwa mzembe, akarudia darasa, na mwisho akaacha shule. Nimewaona wa namna hiyo waliokuja kuvaa miwani ukubwani, wakashangaa kwamba majani ya mwembe huonekana moja moja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima wenye heshima zao hawapendi kulitaja, nalo ni choo. Katika shule moja nisiyoitaja kulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyetembea kwa magongo mawili. Alikuwa mwepesi wa hesabu. Walimu wake walimsifu kwamba hana usumbufu, haombi ruhusa ya kutoka kama wenzake. Mwalimu wa kike mmoja ndiye aliyegundua kwamba binti yule hanywi maji tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani, kwa sababu choo cha shule kilikuwa na ngazi tatu, mlango mwembamba, na shimo ambalo mtu wa magongo hawezi kulichuchumalia bila kushika chini kwa mikono. Hali ya hewa ya Dodoma mnaijua. Mtoto alikuwa akijinyima maji saa tisa au kumi kila siku ili aweze kusoma, na sisi tukaliita hilo tabia njema. Njia ya mteremko badala ya ngazi, mlango mpana, mti wa kushikia ukutani, na kiti cha mbao chenye tundu: fundi wa kijiji aliyavimaliza hayo kwa siku chache, na matofali yalifyatuliwa na wazazi. Hakuna aliyekataa kuyafanya. Hakuna aliyekuwa ameuliza tu, kwa kuwa hakukuwa na ukurasa wenye mstari wa kuuliza: mtoto huyu anakwendaje haja?

Wapo watakaoniambia, "Mwalimu, unasahau kwamba pesa hakuna." Sisahau. Nimekuwa mwalimu mkuu wakati wa UPE, tukifundisha chini ya miti, najua pesa kutokuwapo maana yake nini. Lakini tulitazame jambo hili vizuri. Chini ya mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, ruzuku ya shule ilipangwa kwa hesabu ya kichwa, na elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambazo sehemu yake ni ya vitabu. Kila kichwa sawa na kichwa kingine. Kwa anayetazama haraka huo ni usawa. Lakini mtoto anayesoma kwa nukta nundu hatumii daftari la kawaida. Anahitaji karatasi nene, anahitaji mashine au kibao na sindano ya kutobolea, na kitabu ambacho mwenzake anakiweka kwapani kwake yeye hugeuka majuzuu kadhaa makubwa ya kujaza kabati. Kumpa huyu na yule kiasi kilekile ni kama kumgawia sawasawa nguo mtoto wa miaka 3 na mtu mzima, halafu ukajisifu kwamba hukupendelea.

Najua zipo shule maalumu na vitengo vinavyoletewa fedha ya chakula na vifaa. Mimi namzungumzia mtoto aliye peke yake katika shule ya kijiji, asiyekuwa katika kitengo chochote. Fedha zake zitatoka wapi ikiwa hakuna mtu aliyeziomba? Halmashauri hupanga bajeti yake kwa maombi yaliyoandikwa. Shule ikiandika "vifaa vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu", bila idadi, bila jina la kifaa, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, na mkataji hana kosa. Shule ikiandika kwamba kuna mtoto mmoja wa darasa la pili asiyeona kabisa, atakayehitaji mashine moja ya nukta nundu kuanzia Januari, na karatasi kiasi fulani kwa muhula, aliyeukata mstari huo itabidi ajue amemkata nani. Ndiyo maana nasema mpango wa mtoto mmoja si anasa ya nchi tajiri. Maskini ndiye anayeuhitaji zaidi, kwa kuwa tajiri anaweza kununua vitu visivyohitajika na bado akabakiwa na chenji.

Wengine husema walimu hawakufundishwa kazi hii. Ni kweli, chuo nilichosoma mimi hatukufundishwa hata kidogo, na walimu wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha, ambao wamesomea elimu maalumu, hawawezi kutosha kila kijiji. Lakini kwa sababu hiyohiyo mwalimu wa Patandi asifungiwe katika shule moja akafundisha vipindi vya kawaida kama mwingine yeyote, jambo ambalo nimeliona zaidi ya mara moja. Apewe kata nzima au hata tarafa, azunguke, akae na mwalimu wa darasa na mzazi, waandike pamoja, na arudi baada ya miezi mitatu aone kilichotendeka. Kenya walianza kufungua vituo vyao vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi mwaka 1984. Hatuna haja ya kujifanya kwamba jambo hili halijulikani namna ya kufanywa.

Na darasa la watoto 90? Hapo nakubali, mwalimu wa watoto 90 amebebeshwa mzigo usio wa haki, na kila kitu ninachokisema hapa kitamwia kigumu. Ila naomba isitumike kama kisingizio cha kumsahau mmoja, kwa sababu mmoja huyo katika watoto 90 hawezi kujificha nyuma ya wenzake akaokota kwa kusikiliza, kama wanavyofanya wengine.

Sasa nitawaudhi na rafiki zangu wa upande wa pili, wale wanaosema kila mtoto lazima asome shule ya jirani, na anayetaja shule maalumu ni mtu wa zamani. Mtoto kiziwi aliyewekwa peke yake kati ya watoto 80 wasiojua lugha ya alama, chini ya mwalimu asiyeijua, hajajumuishwa na chochote. Amefungwa. Lugha haifundishwi kwa dawati la mbele. Mtoto huyo anahitaji viziwi wenzake na watu wazima wanaozungumza naye kwa alama tangu akiwa mdogo, na kama kijiji hakina, ukurasa wake useme wazi kwamba hakina, na useme atapelekwa wapi na lini. Tabora imekuwa na shule ya viziwi tangu 1963. Kwetu Dodoma, shule ya wasioona ya Buigiri ilifunguliwa mwaka 1950, kabla ya Uhuru, na imetoa watu wa maana. Wamisionari walioanza kazi hizo hawakuwa wajinga, na waliokuja baadaye wakachanganya watoto wasioona na wanaoona, kama Uhuru Mchanganyiko Dar es Salaam, nao hawakukosea. Kinachonikera ni kumsafirisha mtoto kilomita mia kadhaa bila karatasi inayosema atarudi likizo kwa nauli ya nani, na nyumbani nani atajifunza alama mbili tatu ili Desemba nzima asikae kama jiwe. Wapo watoto waliopelekwa bweni na wazazi wao hawakuonekana tena. Mwalimu aliyempeleka alijisifu kwamba amepata nafasi.

Nije kwenye mtihani, kwa sababu hapo ndipo deni la miaka yote hudaiwa kwa siku mbili. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Na wenye uoni hafifu huletewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Ni utaratibu mzuri. Lakini karatasi hiyo haiji kwa miujiza, humfikia yule aliyesajiliwa hivyo. Mwaka 2019, katika kata ninayoishi, binti mmoja wa jirani yangu, mwenye ualbino, alifanya mtihani wa darasa la saba kwa karatasi ya kawaida. Alikuwa akija kwangu jioni kusomewa, ananiita babu. Tangu 2012 majibu ya mtihani huo hujazwa kwa penseli katika viduara vidogo, na mtoto yule alijaza akiwa ameinamisha uso mpaka pua inagusa fomu. Alipotoka aliniambia, "Babu, ya mwisho sikuyafikia. Na mengine sijui kama niliweka kwenye duara lake." Nilikwenda shuleni. Mwalimu, kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo, akanipa kiti, akanieleza: "Mzee, huyu anaona kidogo. Tukaona tukimsajili kama mwenye ulemavu tutamdhalilisha."

Nililitafakari jibu hilo kwa siku nyingi, maana kijana yule hakuwa mtu mbaya. Darasa la kwanza mpaka la saba binti alipita mikononi mwa walimu wakuu watatu. Wa kwanza alijua habari za macho yake na alimweka mbele, akahamishwa. Wa pili alianza kujua, akahamishwa. Wa tatu alifika mwaka wa mtihani akakuta jina katika rejista, na rejista haina macho. Huo ndio ubaya wa kuweka mpango wa mtoto kichwani mwa mtu mwema: uhamisho ukija, kichwa hupanda basi na kuondoka na kila kitu. Kama pangekuwa na ukurasa uliofunguliwa mwaka wa kwanza, ukasainiwa na mama yake kila Desemba, suala la kumdhalilisha lisingezuka, kwa sababu yeye mwenyewe na mama yake wangekuwa wameulizwa zamani wanataka asajiliwe vipi. Hakuna aliyewauliza. Binti hakuchaguliwa kwenda sekondari.

Kwa hiyo ninachokidai si kigumu kukieleza. Uandikishaji wa watoto wa kuanza shule hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Kuanzia siku mtoto anapoandikwa mpaka shule inapofunguliwa Januari kuna wiki kadhaa ambazo tunazitumia kuhesabu madawati. Wiki hizo zitumike. Mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la kwanza na mzazi wakae, mtoto akiwapo, kwa maana mtoto wa miaka 6 anajua vizuri sana kitu gani kinamshinda. Waandike anachoweza kwanza, kisha kinachomzuia, kisha nani atafanya nini kabla ya tarehe gani. Ukurasa usomwe upya kila muhula. Mtoto akihama, ukurasa uhame naye. Akienda sekondari, umtangulie. Na mkaguzi akifika shuleni, aombe daftari hilo kabla ya maandalio ya masomo, na lisipokuwapo aandike barua ileile ambayo angemwandikia mwalimu asiye na andalio la dakika 40.

Muhula uliopita nililipeleka jambo hili mbele ya kamati ya shule yetu. Liliwekwa ajenda ya saba, baada ya uzio na madeni ya mlinzi, na tulipolifikia jua lilikuwa limekwisha kuzama na wajumbe wawili wameaga. Waliobaki walikubali tuanze na watoto wanne waliopo: mmoja haoni vizuri, wawili hawasikii, na mmoja ana kifafa na huwa anarudishwa nyumbani kila kinapompata, akapoteza wiki nzima kwa jambo la nusu saa. Mwalimu mkuu aliuliza tutaandika wapi, kwa kuwa hajaletewa fomu ya kazi hiyo. Nimempelekea kaunta buku. Nimemchorea mistari kurasa nne za mwanzo, na mama wa mtoto mwenye kifafa amekwisha kuitwa Jumatano saa nne.